Lori la watu napima kila siku, la kwangu sikulipima

Naendesha lori. Huu ni mwaka wa 11, Texas kwenda California na kurudi, na makazi yetu ni nje kidogo ya Dallas. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililoniponza. Mtu asiyejua magari makubwa akinunua gari-nyumba huuliza, husoma, huogopa. Mimi sikuuliza wala sikuogopa. Nimejaza upepo tangu nikiwa konda Tanga, leseni yenyewe sina. Nani tena wa kunifundisha upepo?

Gari lenyewe tulilichukua Aprili 2023 kwa mzee mmoja mstaafu huko Oklahoma. Modeli ya 2012, urefu futi 29, chasi ya Ford E-450. Mbele tairi mbili, nyuma nne, yaani pacha kila upande. Ndani kuna vitanda, jiko la gesi, friji, bafu na choo. Watoto wakaliita Konokono, maana linatembea na nyumba yake mgongoni, na kusema kweli likikutana na mlima hata mwendo ni huo huo.

Tairi zilikuwa zinang'aa. Kashata, yaani yale meno ya tairi, zimesimama kama za dukani, mzee kazipaka na dawa ya kung'arisha. Nikazipiga rungu moja moja kama tunavyofanya kwenye lori kila asubuhi, zikaitika vizuri, nikahesabu hela. Sikuinama kusoma tarehe. Kila tairi limeandikwa namba nne mwishoni mwa zile herufi za DOT: mbili za wiki na mbili za mwaka. Zangu zilisema 2216, wiki ya 22 ya mwaka 2016. Miaka saba, na mingi kati ya hiyo gari limesimama uani linapigwa jua. Lori langu humaliza tairi kabla halijazeeka, kwa hiyo umri wa tairi ni kitu ambacho sikuwahi kukiwaza. Gari-nyumba ni kinyume chake: tairi linazeeka likiwa bado na sura ya ujana. Baadhi ya watengenezaji wanasema miaka 10 ndiyo mwisho hata kama kashata zipo, na wenye magari haya wengi hawafiki huko, wanabadilisha kwenye miaka sita au saba.

Sasa upepo.

Tairi zangu ni LT225/75R16, zile za daraja E la kubeba mzigo. Ubavuni zimeandikwa kwamba zikiwa na psi 80 (psi ni kipimo cha upepo, pauni kwa kila inchi ya mraba), tairi likikaa peke yake linabeba pauni 2,680, na likikaa pacha linabeba pauni 2,470. Sentensi nzima ile mimi nilichokiona ni 80 tu. Kwenye fremu ya mlango wa dereva palikuwa na stika ya kiwanda yenye upepo wa mbele na wa nyuma, lakini ilishapauka na kusuguliwa na mkanda mpaka ikabaki nyeupe. Basi nikajaza 80 mbele na 80 nyuma.

Nasema nyuma, lakini ni nyuma ya nje. Zile za ndani valvu zake zimejificha kati ya rimu mbili. Mwenye gari wa kwanza alikuwa amefunga vipande vya mpira vya kurefusha valvu. Kimoja nilipokigusa na geji kikaanza kupuliza fyuuu na hakikutaka kunyamaza mpaka nikikandamize kwa kidole. Nikaviacha. Nikazipiga rungu, zikaitika. Naomba nilisemee hili maana madereva wenzangu watanibishia: rungu linakuambia tairi lina upepo au halina. Haliwezi kukuambia kama ni 80 au 55. Nimelijaribu baadaye nikiwa na geji mkononi na macho nimefumba, nikashindwa.

Mei tukaenda Lake Texoma, wikendi moja, majaribio. Kila kiungo cha daraja kilikuwa ni kofi. Usukani unacheza, mbele panadunda. Kabati la juu likafunguka, sufuria zikashuka, kopo la sukari likamwagika lote kwenye zulia, na mke wangu akapaza sauti kutoka nyuma: "Baba Rehema, hii ni nyumba au mkokoteni?"

Pale kambini jirani yetu, Mmarekani wa makamo mwenye miaka mingi katika mambo haya, akacheka akaniambia yeye anaweka 60 kote na gari linatulia kama gari dogo. Mtu mwema kabisa, akaniletea na geji yake. Mimi nikapunguza zote nilizoweza kuzifikia mpaka 60 jioni ile ile.

Hapo kuna makosa mawili ndani ya dakika kumi, na nayasema kwa sababu nimewaona wengine wakiyarudia. La kwanza, gari lake lilikuwa dogo kuliko langu na nyuma lina tairi moja moja. 60 yake ilikuwa jibu la swali lake. La pili ndilo baya zaidi: tulikuwa tumefika saa moja tu iliyopita na tairi bado za moto. Upepo wa tairi hupimwa likiwa limepoa, yaani gari limelala, au limesimama saa tatu na zaidi. Tairi la moto likisoma 60, asubuhi litakusomea 50 na kitu. Kwa hiyo hata hiyo 60 niliyojivunia haikuwa 60.

Lakini raha yake! Tulirudi Dallas gari linateleza kama mashua. Sukari haikumwagika tena. Mke akanisifu. Nikaona kazi imekwisha, na kwa miezi miwili sikugusa valvu.

Julai tukapanga safari ya kweli: Dallas, tushike barabara ya 287 kupitia Wichita Falls na Amarillo, tukate New Mexico, tupande mlima wa Raton tuingie Colorado. Siku kumi. Tukapakia kama tunahama. Tangi la maji galoni 40 nikajaza mpaka pomoni, na galoni moja ya maji ni pauni 8.3, piga hesabu mwenyewe. Mke akaweka gunia la mchele, unga wa ugali, kreti za vinywaji, kinu na mchi wake kwa sababu kisamvu cha mashine anasema hakina ladha. Mimi nikaweka jiko la chuma la mkaa, mifuko miwili ya mkaa, na sanduku la spana za lori lenye pauni 90. Mpaka leo sijui nilitaka kufungua nini. Karibu vyote vikaenda kwenye buti la nyuma kabisa.

Tulichelewa kutoka. Kufika Childress ilikuwa saa tisa alasiri, nyuzijoto 41, lami inameremeta kama ina maji. Nilikuwa maili 68 kwa saa. Tulipoupita mji kidogo nikasikia mlio, si mkubwa sana, kama mtu kaangusha godoro la chemchemi sakafuni. Nikadhani kabati. Kisha ukaja mlio wa pili, huo wa kitu kinachapa chini ya sakafu, tap-tap-tap-tap, na kwenye kioo nikaona gari la nyuma yangu linawasha taa na kuzima na vipande vyeusi vinaruka hewani.

Breki sikuigusa. Hilo angalau lori lilinifunza: tairi likipasuka shika usukani, liache gari lipunguze lenyewe, ukikanyaga breki kwa hofu ndipo linapokuvuta. Tukaingia bega la barabara taratibu.

Lilikuwa tairi la nyuma kushoto, la ndani. Mkanda wa chuma ulikuwa umefumuka na kuchapa kila kilichokuwa jirani. Ulikuwa umepasua sakafu ya juu ya tairi mpaka nikaona zulia la chumbani, umekata waya za taa za nyuma, na umevunja bomba la tangi la maji machafu. Harufu siielezi. Mtoto wetu mdogo alikuwa analia akiuliza kama Konokono amekufa. Nikatafuta tairi la akiba mahali pake, nikakuta kamba na utando wa buibui. Nilinunua gari bila kuangalia kama lina tairi la akiba. Mimi, dereva wa miaka 11.

Tulikaa pale saa tatu na dakika arobaini tukisubiri fundi wa barabarani. Alipofika, kijana mpole, aliinua gari, akafungua lile lililopasuka, kisha akafungua na pacha lake la nje ambalo kwa macho lilikuwa zima. Akalibandua kwenye rimu, akaingiza mkono ndani na kuuzungusha ubavuni. Vidole vikatoka na unga mweusi, laini kama masizi ya chungu. "Hili limetembea likiwa laini," akasema, "limejisaga lenyewe kwa ndani." Nikamwomba apime yale ya upande wa kulia. La nje 57. La ndani, alipokitoa kile kipande cha mpira na kupima kwenye valvu yenyewe, 46.

Hapo inabidi nieleze jambo la pacha maana wengi hawalijui. Tairi mbili zilizokaa pamoja zinagawana mzigo kama zimelingana. Moja likiwa laini, linamwachia mwenzake. Mwenzake anazidiwa, huku lile laini nalo linajikunja na kujinyoosha kila mzunguko, linatengeneza joto, na joto ndilo linaloua tairi. Tofauti ikizidi psi 5 basi hapo hamna tena pacha, kuna mbebaji na msindikizaji. Na moja likipasuka, la pili linabeba upande mzima peke yake. Ndiyo maana fundi alikataa kuniuzia moja. Zote mbili nikalipa, na huduma ya barabarani, dola 930. Matengenezo ya sakafu, waya na bomba pale Amarillo yakala 1,870. Kambi tuliyokuwa tumelipia usiku mbili ikaenda na 96 zetu.

Usiku ule tumelala uani kwa gereji nikampigia mzee wangu mmoja, Mkenya, tuliyeanza naye lori. Nikamweleza kila kitu nikitegemea pole. Akasikiliza, akanyamaza, kisha akasema: "Sasa wewe, kila siku si unapima lori ya watu kwa mizani? Hii yako umepima lini?"

Nilikosa la kujibu. Mizani ya CAT ipo karibu kila kituo kikubwa cha malori, nimeipita mara elfu, naijua mpaka kitufe cha kubonyeza. Ni chini ya dola 20 kwa kupima, na ukirudia ndani ya saa 24 unalipa kidogo tu. Na sikuwahi kufikiri nyumba yangu nayo ina uzito.

Asubuhi nikaenda na Konokono likiwa na kila kitu ndani, maji, watu, mchele, mkaa. Karatasi ikatoka: ekseli ya mbele pauni 4,100, ya nyuma 9,780, jumla 13,880. Gari limeruhusiwa 14,500, kwa hiyo ukiangalia jumla tu utashukuru Mungu na kuondoka. Lakini ekseli ya nyuma mwisho wake ni 9,600. Nilikuwa nimezidisha 180 nyuma, na mbele kuna nafasi kibao, kwa sababu buti lile liko nyuma sana ya ekseli. Mzigo ukikaa mkiani unafanya kazi ya pembea: unakandamiza nyuma na unanyanyua mbele. Pauni 100 kwenye bampa la nyuma inaingia kwenye ekseli kama zaidi ya 100.

Kisha nikachukua jedwali la tairi. Watengenezaji wanayo, linaonyesha kila saizi ya tairi na mzigo linaoweza kubeba kwa kila kiwango cha upepo, safu moja ya tairi la peke yake na nyingine ya pacha. Kwa saizi yangu, psi 65 ni pauni 2,335 peke yake na 2,150 pacha. Psi 80 ni zile 2,680 na 2,470 zilizoandikwa ubavuni.

Nikapiga hesabu kwenye karatasi ile ile ya mizani. Nyuma, 9,780 gawa kwa nne ni 2,445 kila tairi. Kwa 80 linabeba 2,470, nafasi iliyobaki pauni 25. Kwa 65 linabeba 2,150, yaani tayari nimezidisha karibu pauni 300 kila tairi. Na mimi nilikuwa 60 ya uongo, na ndani 46. Mbele nako, 4,100 gawa kwa mbili ni 2,050. Kwa 65 linabeba 2,335. Kwa hiyo ile 80 niliyoweka mbele mwanzoni ndiyo iliyokuwa inatudundisha Texoma, haikuwa na kazi pale. Jirani hakukosea sana kwa mbele. Kwa nyuma ndiyo nusura atuue, na simlaumu, maana yeye hakuwa na karatasi yangu na mimi pia sikuwa nayo.

Jibu kumbe lilikuwa namba mbili. Mbele 65, nyuma 80. Miezi mitatu nilikuwa natafuta moja.

Nilidhani nimemaliza, ila mzee wangu akaniambia ekseli haitoshi, pima upande kwa upande. Ile mizani ya malori haikupi kushoto na kulia. Amarillo ina maghala ya nafaka yenye mizani zake, nikaenda kuomba kwenye moja, wakaniruhusu kupitisha tairi za kushoto tu juu ya sahani, za kulia zikabaki nje. Kama utafanya hivi hakikisha ardhi ya nje imelingana na sahani, gari likiinama upande namba inadanganya. Kushoto nyuma 5,130, kulia 4,650. Gawa 5,130 kwa mbili: 2,565. Hata kwa psi 80 kamili tairi za kushoto zilikuwa zimepitiliza pauni 95 kila moja. Friji iko kushoto, tangi la maji liko kushoto chini ya kitanda, jenereta liko kushoto. Na tairi lililopasuka lilikuwa la kushoto.

Tatizo la namna hiyo kompresa haina la kulifanyia. Lazima ushushe mzigo. Nikamwaga maji nikabakiza galoni 15; maji yapo kila kambi, kwani nilikuwa nayapeleka kwa nani? Mkaa na jiko la chuma nikampa mtu pale gereji. Sanduku la spana nikaliacha kwenye yadi ya kampuni yetu. Mchele na vinywaji vikahamia mbele chini ya meza, upande wa kulia. Kinu kilibaki. Kuna vita huwezi kushinda. Nikarudi mizani: mbele 4,260, nyuma 9,200, na kwa upande, kushoto 4,720, kulia 4,480. Ekseli moja huwekwa upepo mmoja pande zote, na unaufuata upande mzito. Kwa 4,720 kila tairi linabeba 2,360, chini ya 2,470. Psi 80 ikatosha, na mbele 65 ikatosha na chenji.

Kama stika yako ya mlangoni inasomeka, ishike. Kiwanda kimeiandika kikifikiria ekseli ikiwa imebeba uzito wake wote, kwa hiyo ni mahali salama pa kusimama mpaka utakapopima. Ila usishuke chini yake kwa kuambiwa na mtu, hata akiwa na geji nzuri.

Tukiwa geji: nilikuwa na tatu nyumbani, nikazipima kwenye tairi moja zikanipa 74, 78 na 80. Nikaenda na zote kwa fundi wa tairi tukazilinganisha na yake, nikatupa mbili. Kwa pacha utahitaji ile ndefu yenye vichwa viwili, kimoja cha kusukuma na kimoja cha kuvuta, ndiyo inayofika valvu ya ndani. Vile vipande vya mpira nikang'oa, nikaweka valvu ndefu za chuma zilizopinda, za ndani zikaja nje mkono unafika. Valvu za mpira za gari dogo nyingi mwisho wake ni psi 65, usikubali kufungiwa hizo kwenye tairi la 80. Kompresa za bei ndogo zinazochomekwa kwenye kiwashio cha sigara zinahema kuifikia 80, na pampu nyingi za vituo vya mafuta vya magari madogo hazifiki kabisa; nenda upande wa malori. Na kuna kijana alitaka kuniuzia naitrojeni badala ya upepo wa kawaida, eti haipandi kwa joto. Upepo tunaovuta tayari ni naitrojeni asilimia 78. Nilimshukuru.

Kitu kimoja nilichonunua nisichokijutia ni sensa za tairi, sita, za kufunga kwenye valvu, na kioo kidogo cha kusomea namba, cha kuweka mbele ya dereva. Dola 240. Zilinifundisha jinsi upepo unavyopumua. Asubuhi Amarillo, nyuzijoto 22, nyuma zinasoma 80. Saa nane mchana tunatembea, 93. Hiyo ni kawaida, tairi likifanya kazi linapata joto na namba inapanda. Kiwango cha kupoa tayari kimelihesabu hilo. Tairi za upande wa jua zinasoma psi tatu nne zaidi ya za kivulini hata gari likiwa limesimama, kwa hiyo pima alfajiri kabla jua halijazigusa.

Raton tuliupita salama, mita 2,388, Konokono anahema. Kambini Colorado, juu zaidi, kulipambazuka nyuzijoto 8 na sensa zikasoma 78. Kwa tairi la 80, kila nyuzi 10 za baridi hukuondolea kama psi 3, halafu mwinuko unakurudishia kidogo kwa sababu hewa ya nje ni nyepesi. Ningeweza kuacha. Uzito wangu ulikuwa bado ndani ya 78. Lakini nilikuwa na woga wa Childress, nikawasha kompresa saa kumi na mbili asubuhi, kambi nzima ikaamka, nikajaza 80.

Siku tuliyorudi Dallas, tumeshuka bondeni, joto 36, kioo kikaanza kulia: nyuma 99. Nikasimama. Nilishika kofia ya valvu, ikabaki kidogo tu nipunguze, nikakumbuka jioni ya Texoma. Nikaifunga tena, nikatembea taratibu hadi nyumbani. Kesho yake asubuhi, tairi zimepoa, zilisoma 83. Nikatoa tatu.

Mdogo wangu yuko Morogoro, ana Kosta ya zamani anaigeuza iwe ya kulala, kwa ajili ya wageni wa Mikumi. Mwezi uliopita kanitumia picha ya ubavu wa tairi: "Kaka, niweke ngapi?" Kosta nayo nyuma ina pacha, na keshaweka vitanda vya mbao ya mninga, tangi la maji na betri nne. Nikamuuliza amepima? Akasema fundi pancha wa pale stendi kaziminya kwa mguu kasema ziko poa. Nimemwambia amalize kwanza ujenzi, apakie kama anasafiri kweli, aende mizani ya Vigwaza akaombe uzito wa kila ekseli, kisha atafute jedwali la tairi lake. Akanijibu kwamba mizani anaiogopa kuliko simba. Bado tunabishana.

Tairi nne zilizokuwa zimebaki za 2016 nilizitoa Agosti, dola 880. Maji sijajaza zaidi ya galoni 15 tena. Karatasi ya mizani iko kwenye dashibodi, nimeandika kwa kalamu nyekundu 65 na 80. Nyuma kulia ya ndani inapoteza psi 2 kila wiki, nimepaka sabuni kwenye valvu sijaona povu, kwa hiyo nadhani ni ukingo wa rimu umeota kutu. Jumamosi nalipeleka.